Chuo cha uuguzi: kuingia ni kazi, kumaliza ni kazi zaidi



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, ujumbe ninaoletewa studioni hubadilika. Malalamiko ya barabara mbovu na bei ya unga hupungua, na wanaongezeka wazazi wenye swali moja: mwanangu amepata alama hizi na hizi, je, atapokelewa chuo cha uuguzi? Ni swali la haki. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi hii ya utangazaji, wazazi walioniuliza swali la pili ni wa kuhesabu. Swali la pili ni hili: akishapokelewa, atamalizaje?

Juma hili nataka tulizungumzie hilo la pili, kwa sababu gharama yake ni kubwa. Upande mmoja ipo familia iliyouza kiwanja au kukopa kwenye kikoba ili ilipe ada, kisha baada ya muhula mmoja kijana anarudi na begi lake na hataki kuulizwa neno. Upande wa pili, na huu ndio unaonitia hofu zaidi, yupo yule aliyepenyapenya akamaliza bila kujifunza sawasawa. Huyo harudi nyumbani. Huyo anavaa sare, na siku moja atamchoma sindano mama yangu au mama yako.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaosema uuguzi ni kazi ya waliokosa udaktari. Hilo si kweli, na anayeingia chuoni akiwa na fikra hiyo huumia mapema. Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumtunza anayeugua. Anayefanya hivyo ndiye muuguzi. Daktari hupita kitandani, huuliza, huandika, huondoka. Anayebaki na mgonjwa usiku kucha, anayeona kwamba pumzi zimebadilika saa nane za usiku, ni muuguzi. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa masalio ya kazi nyingine.

Sasa tutazame mlango wa kuingilia. Hapa Tanzania, mwombaji wa stashahada ya uuguzi na ukunga anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne, bila kuhesabu ya dini, na miongoni mwake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa nyongeza yenye faida. Mafunzo huchukua miaka 3. Anayekwenda chuo kikuu kusoma shahada husoma miaka 4, kisha mwaka 1 wa mazoezi kazini. Akishamaliza chuo, bado hajawa muuguzi mbele ya sheria. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania humtahini, na akifaulu ndipo husajiliwa na kupewa leseni. Bila leseni hiyo, sare ni nguo tu.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye fomu. Yasiyoandikwa ni haya: chuo cha uuguzi hakimshindi mwanafunzi kwa ugumu wa somo fulani. Humshinda kwa sababu kinamtaka atumie kichwa, mikono na moyo kwa wakati mmoja, naye amezoea shule iliyomtaka kichwa peke yake. Sekondari ukikosea jibu unapoteza alama. Wodini ukikosea, kuna mtu kitandani. Mabadiliko hayo ndiyo yanayowatikisa vijana wengi, na habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya maandalizi yake hufanyika nyumbani, kabla ya chuo kufunguliwa, na haihitaji fedha nyingi.

Tuanze na kichwa. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hukutana na anatomia na fiziolojia, yaani umbo la mwili na jinsi unavyofanya kazi. Hukutana na vijidudu, dawa, lishe, maadili ya kazi na misingi ya uuguzi. Yote haya huja kwa pamoja, tena kwa Kiingereza. Kijana aliyezoea kusoma kwa kukesha siku mbili kabla ya mtihani hugundua kwamba mbinu yake imekwisha nguvu.

Lipo jambo moja ambalo wataalamu wamelipima. Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi. Kundi moja lilisoma habari fulani, kisha likairudia kuisoma. Kundi la pili liliisoma, kisha likafunga karatasi na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Maana yake kwa mwanafunzi wetu ni nyepesi. Usiridhike kupaka rangi ya njano kwenye kitini na kukisoma mara ya tano. Kifunge. Chukua karatasi tupu, chora moyo, onyesha damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Ulipokwama, hapo ndipo pa kurudia.

Hapo hapo kuna suala la lugha, ambalo hatulisemi vya kutosha. Mwanafunzi wa uuguzi husoma kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na huandika faili kwa Kiingereza. Lakini mgonjwa wake husema Kiswahili, na si kile cha vitabuni. Mgonjwa atamwambia "nasikia kizunguzungu", "mwili wote umekufa ganzi", "tangu jana naendesha". Mwanafunzi lazima ayapokee hayo, ayageuze kichwani, ayaandike kwa lugha nyingine, kisha arudi kumweleza mgonjwa kwa maneno ya kueleweka.

Nitatoa mfano mmoja ili tuone uzito wake. Mama mjamzito anasema: "Nesi, naumwa chembe cha moyo." Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atadhani ni ugonjwa wa moyo. Mwingine ataona ni tumbo la kawaida, ampe dawa ya kiungulia. Lakini chembe cha moyo ni pale katikati, chini ya kidari, na kitabu chake kina jina la mahali hapo. Kama mama huyo ana presha ya juu, kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, maumivu ya chembe cha moyo ni dalili ya hatari: huenda kifafa cha mimba kiko njiani. Maneno matatu ya Kiswahili ndiyo yaliyokuwa kengele. Mwanafunzi aliyekariri kitabu bila kusikiliza lugha ya mama yake ataipita kengele hiyo bila kuisikia.

Kwa hiyo nashauri: mnaposoma katika vikundi, na kundi la watu watatu au wanne latosha, someni kitabu kwa Kiingereza, lakini kila mmoja aeleze kwa Kiswahili kama vile anamwambia bibi yake. Asiyeweza kumweleza bibi ugonjwa wa kisukari, bado hajauelewa.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Nilisema Hisabati ni nyongeza yenye faida kwenye fomu. Wodini si nyongeza. Watu wengi wanamkumbuka Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyefungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860, kwa ile taa yake. Wachache wanajua kwamba alikuwa mtu wa takwimu, na kwamba mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Uuguzi tunaoujua leo ulizaliwa ukiwa na kalamu ya hesabu mkononi.

Chukua kalamu, msikilizaji. Daktari ameandika kwamba mgonjwa apewe miligramu 60 za gentamisini. Kichupa kilichopo kabatini kimeandikwa miligramu 80 katika mililita 2. Muuguzi avute kiasi gani? Gawanya 60 kwa 80, zidisha kwa 2. Jibu ni mililita 1.5. Jaribu la pili. Mtoto ana kilo 12, na apewe parasetamoli ya maji miligramu 15 kwa kila kilo. Hizo ni miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto apewe mililita 7.5. La tatu: lita 1 ya dripu iingie kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, utapata takriban matone 42 kwa dakika.

Hesabu hizo ni za darasa la saba. Ugumu wake ni kwamba zinafanywa saa kumi za usiku, mtoto analia, mama yake anauliza, na kitanda cha pili kinaita. Nukta ikihama nafasi moja tu, dawa imekuwa mara kumi ya inayotakiwa, au sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana nasema maandalizi hufanyika kabla. Kati ya matokeo na siku ya kufungua chuo kuna miezi kadhaa. Kijana afanye hesabu kumi kila siku: kugawanya, desimali, uwiano, kugeuza gramu kuwa miligramu na miligramu kuwa maikrogramu. Daftari la shilingi chache na penseli vinatosha.

Tukitoka kwenye kichwa tunafika kwenye mikono. Chuoni kuna chumba cha mazoezi chenye vitanda na masanamu ya plastiki. Mwanafunzi hujifunza kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha, kufunga kidonda, kuchoma sindano. Katika mtihani wa vitendo huzungushwa kituo hadi kituo, dakika chache kila kimoja, mkufunzi amesimama na karatasi. Wanaoshindwa hapo mara nyingi ni wale waliokuwa wakitazama wenzao wakifanya. Mkono haujifunzi kwa kutazama. Nafasi ya kushika vifaa ikitokea, usisimame nyuma.

Kisha inakuja wodi yenyewe, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Hii si pambo. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akipumua mara 40 au zaidi, na ana kikohozi, hiyo ni dalili ya nimonia. Lakini pumzi zinahesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Wodi yenye watoto 30 ni dakika 30 za kuhesabu pumzi peke yake.

Hapo ndipo kishawishi kinapokaa. Mwanafunzi aliyechoka anaweza kusimama mlangoni na kujaza chati zote kwa kalamu: huyu 20, yule 22, mwingine 20. Chati inapendeza, mkufunzi anasaini. Mimi ni mwandishi wa habari kwa mafunzo na stashahada yangu ni ya kazi hiyo, si ya tiba, lakini najua tofauti kati ya habari iliyokusanywa na habari iliyobuniwa. Gazeti likibuni habari, kesho litaomba radhi ukurasa wa pili. Chati iliyobuniwa haina ukurasa wa kuombea radhi. Daktari ataamua kwa namba zile. Mwanafunzi ambaye hakufika kitanda fulani na aandike kwamba hakufika. Ni afadhali agombezwe.

Nayo ipo sentensi moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aifanyie mazoezi mpaka imtoke bila kigugumizi: "Sijawahi kuifanya kazi hii peke yangu, naomba unisimamie." Ni maneno mepesi kwenye karatasi na mazito mdomoni, hasa mbele ya sista mwenye kazi nyingi. Katika hospitali moja niliyowahi kuingia na kinasa sauti changu, niliona wanafunzi wakitumwa huku na huko kama vibarua kwa sababu watumishi walikuwa wachache; mwenye kuuliza aliitwa mzito, mwenye kukubali kila kitu aliitwa mchapakazi. Hapo walezi wa wodi nao wana lao la kujibu. Mwanafunzi si mtumishi wa bure wa kuziba pengo. Ni mtu aliyekuja kufundishwa, na makosa atakayozoea leo kwa kukosa msimamizi atayafanya kwa miaka 30 ijayo.

Mikono inakwenda pamoja na mwili, na mwili una mipaka. Hospitali zina zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku. Mwanafunzi anayekaa mbali na hospitali huamka saa kumi alfajiri awahi daladala, akasimama kutwa, kisha jioni ana kazi ya kuandika. Wengine hujisifu kwamba hawalali. Mwaka 1997, watafiti Dawson na Reid huko Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Tusingekubali muuguzi aliyekunywa pombe atuchome sindano. Kwa nini tumsifu aliyekesha? Usingizi ni sehemu ya masomo. Aliye zamu ya usiku afunge pazia mchana, azime simu, na wenzake wa chumba wapunguze redio, hata kama ni redio yetu hii.

Upo na usalama wake mwenyewe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Aianze mapema, ili afike wodini akiwa amekingwa. Anawe mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, kila anapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Asirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Aiweke moja kwa moja kwenye boksi lake. Na akijichoma, asifiche kwa aibu. Aoshe kwa maji na sabuni, aseme papo hapo. Hatari ya kupata virusi vya UKIMWI kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama watu 3 katika 1,000, na dawa za kukinga huipunguza sana, ila lazima zianzwe haraka, kabla ya saa 72 kupita, na zitumiwe siku 28. Aliyenyamaza siku nne kwa kuogopa kugombezwa amejifungia mlango mwenyewe.

Nimefika kwenye moyo, na hapa naomba wazazi wasogeze kiti karibu na redio.

Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kuwa na miaka 18 au 19. Kabla mwaka haujaisha, huenda ameshaona mtu akikata roho mbele yake. Huenda ameambiwa ashiriki kuuosha mwili, kufumba macho ya marehemu, kufunga taya, kuandika jina kwenye kitambaa. Jioni yake anatakiwa ale chakula bwenini na kesho yake afanye jaribio la famakolojia. Hakuna swali la Baiolojia ya kidato cha nne linalomwandaa kwa hilo.

Kulia si aibu, na wala hakumwondolei mtu sifa ya kazi. Kinachodhuru ni kunyamaza. Atafute mtu mmoja wa kuzungumza naye baada ya siku nzito: mwenzake wa zamu, mkufunzi, mlezi wa wanafunzi, kiongozi wa dini yake. Lakini azungumze habari za moyo wake, si habari za mgonjwa. Jina la mgonjwa, ugonjwa wake, picha yake, vibaki wodini. Siri ya mgonjwa haipandi daladala, wala haitumwi kwenye simu. Na mwanafunzi akiona majuma yanapita hali, halali, hana hamu na chochote, au anawaza kufa, huo si uvivu wala udhaifu wa imani. Ni ugonjwa kama mwingine, na yuko mahali penye wataalamu. Aende apate tiba.

Lipo na pigo jingine, la taratibu. Darasani anafundishwa kwamba kila mgonjwa aelezwe atakachofanyiwa, afungiwe pazia, aitwe kwa jina. Wodini anakuta pazia hakuna na mgonjwa anaitwa "kitanda namba tisa". Mwaka 1974, Marlene Kramer wa Marekani aliandika kitabu juu ya mshtuko huo wa kukutana na hali halisi, akieleza jinsi unavyowafanya wauguzi wapya waiache kazi. Yaliyotokea Marekani yanatokea na kwetu. Mwanafunzi ana njia tatu: kuacha, kuwa kama aliowakuta, au kufanya kile kidogo kilicho ndani ya uwezo wake. Pazia hakuna, lakini kanga ipo, na mwenzake anaweza kuishika. Jina la mgonjwa liko kwenye faili. Kulisoma hakuhitaji bajeti.

Nikigeukia mifuko ya wazazi, ada ni mwanzo tu. Kuna sare, viatu vya kufunika vidole, saa, vitabu, bima ya afya, michango ya mitihani, na nauli ya kwenda vituo vya mazoezi, ambavyo vingine viko mbali na chuo. Kabla ya kulipa, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Kisha uliza, tena wajibu kwa maandishi: wanafunzi wenu hufanya mazoezi hospitali gani? Nauli analipa nani? Wakufunzi huwafuata wodini au huwaachia? Chuo kisicho na majibu ya maswali hayo kinauza majengo. Aidha, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa baadhi ya stashahada, zikiwemo za afya, kwa hiyo familia isome mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuuza kiwanja.

Wapo pia wanafunzi walio watu wazima, wenye ndoa na watoto. Hao, familia ikae nao mapema na kugawana kazi kwa majina: nani atampeleka mtoto shule siku za zamu ya asubuhi, nani atapika zamu ya jioni. Na sote tujizuie kumwita mwanafunzi nyumbani kwa kila shughuli. Harusi ya binamu itapita bila yeye, lakini siku alizokosa wodini atadaiwa.

Mwisho, lipo jaribio lisilo na ada. Kwetu, ndugu akilazwa, sisi ndio tunaompelekea uji, tunaomfuta uso, tunaomsaidia kwenda chooni. Kijana anayetaka uuguzi na apewe zamu hiyo kwa juma moja, kwa shangazi au babu, bila kusindikizwa. Atanusa harufu ya wodi, ataona damu, atasikia kilio cha jirani. Akirudi, usimuulize kama aliogopa. Kila mtu huogopa. Muulize mgonjwa alilalaje, alikula nini, alilalamika wapi. Kijana anayejibu maswali hayo alikuwa akimtazama mgonjwa. Huyo mpelekeni chuo, hata kama alama zake ni za wastani. Na kijana asiyejua, ambaye anakwenda kwa sababu baba amesema ajira ipo, mkalishe mzungumze upya kabla hamjalipa hata shilingi moja.

Kwa leo naishia hapo. Walio zamu ya usiku, nawatakia kazi njema. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo, saa hii hii.